Maswali na Majibu: Mirathi, Warithi na Shamba la Marehemu

Barua za mwezi huu zimetoka Muhoroni, Mumias, Njoro, Webuye, Kisumu mjini na Vihiga, na karibu zote zinahusu ardhi ambayo mwenyewe amekwisha kufariki ilhali jina lake lingali katika rejista. Tumeficha majina ya walioandika. Ninalotaka wasomaji walishike wanapopitia majibu haya ni kwamba msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu wala mwenye mali. Ni mtumishi aliyeapa mbele ya mahakama kwamba amewataja wote na atawagawia wote, na ugomvi mwingi niliousoma katika barua hizi umezaliwa na watu waliolisahau hilo.

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana bila kuacha wosia. Tuna watoto wanne. Mkubwa ana miaka 20 na wawili wa mwisho wangali shule ya msingi. Tulikuwa tukilima miwa katika ekari tano, na shamba liko kwa jina lake peke yake. Baada ya matanga, shemeji yangu mkubwa alichukua hati ya shamba akasema kesi ya mirathi itafunguliwa kwa jina lake, na kwamba nikikataa kurithiwa sitakuwa na sauti katika boma hili. Miwa imekomaa, akaunti ya benki imefungwa, na karo inadaiwa. Nianzie wapi? — Mjane, Muhoroni

JIBU: Pole sana, mama, kwa msiba na kwa maneno uliyoambiwa ukiwa bado katika majonzi. Nianze na hilo la kurithiwa. Hakuna sheria ya Kenya inayomnyang'anya mjane haki yake katika mali ya mumewe kwa sababu amekataa kurithiwa na shemeji. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia na hali ya ndoa, na ibara ya 2 inasema kwamba mila inayokinzana na Katiba ni batili kwa kiasi inachokinzana nayo. Unabaki kuwa mjane wa marehemu na mama wa watoto wake, na mahakama itakutambua hivyo.

Kuhusu nani afungue kesi, kifungu cha 66 cha Sheria ya Urithi, yaani Sura ya 160, kinaiongoza mahakama pale marehemu asipoacha wosia. Anayetangulia ni mke au mume aliyebaki, kisha warithi wengine kwa utaratibu wao. Marehemu akiwa ameacha mke na watoto, ndugu zake hawamo katika mgao, na kwa hiyo shemeji hawezi kukuruka wewe na watoto akajifanya wa kwanza. Anaweza kuwa msimamizi pamoja nawe ikiwa wewe mwenyewe utaona anafaa na ukatia sahihi ya kuridhia. Kwa kuwa unao watoto ambao hawajatimiza miaka 18, mahakama haitatoa usimamizi kwa mtu mmoja peke yake. Lazima wawe angalau wawili, na wasizidi wanne. Mtoto wako wa miaka 20 anaweza kuwa wa pili. Ningekushauri umfikirie yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, maana maslahi yake na ya wadogo zake ni yale yale.

Mambo ya kukusanya ni haya. Cheti cha kifo, kinachotolewa na msajili wa vizazi na vifo. Barua ya chifu wa eneo inayowataja warithi wote. Nakala ya kitambulisho chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha ndoa au ushahidi wa ndoa ya kimila. Hati ya shamba iliyochukuliwa isikukoseshe usingizi. Hati ni karatasi inayothibitisha yaliyo katika rejista, na rejista iko katika ofisi ya ardhi. Ukiwa na namba ya shamba, unaweza kufanya sachi rasmi, nayo itaonyesha kwamba mwenye shamba ni marehemu. Sachi hiyo ndiyo utakayoiambatisha katika ombi lako, na ukiisha kuwa msimamizi unaweza kuiomba mahakama imwamuru aliye na hati airudishe.

Ombi lenyewe hujazwa katika fomu ya P&A 80, likifuatana na hati ya kiapo ya P&A 5, ambamo unaorodhesha mali, madeni na watu wote walioachwa na marehemu, pamoja na P&A 38, ambayo warithi wengine waliokomaa huitia sahihi kuonyesha kwamba wameridhia uwe msimamizi. Mara nyingi mahakama hutaka pia wadhamini. Usiache mtu katika orodha hiyo ya P&A 5. Kama mume wako alikuwa na mtoto nje ya ndoa na unamjua, mtaje, hata kama kumtaja kunauma, kwa sababu jina lililofichwa leo ndilo litakaloifungua kesi upya baada ya miaka kumi.

Mahakama utakayokwenda hutegemea thamani ya mali. Hakimu mkazi anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 5, na kiwango hupanda kwa cheo hadi hakimu mkuu, ambaye mpaka wake ni milioni 20. Zaidi ya hapo kesi ni ya Mahakama Kuu, ambayo kwenu iko Kisumu. Ombi likishapokelewa, tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Pasipokuwa na pingamizi, unapewa barua ya usimamizi, ambayo wengi huiita granti. Granti hiyo inakuruhusu kukusanya mali, kuitunza na kulipa madeni. Haikuruhusu kugawa wala kuuza ardhi. Baada ya miezi sita unarudi mahakamani kuomba usimamizi uthibitishwe, na hapo ndipo mgao huamuliwa na kuandikwa katika cheti cha uthibitisho.

Najua unaniuliza moyoni: miwa itangoja miezi yote hiyo? Haitangoja, kwani miwa iliyopitisha wakati hupoteza sukari na uzito, na sheria imelifikiria jambo la namna hiyo. Unaweza kuomba usimamizi wa muda, wenye mipaka, wa kukusanya na kuhifadhi mali ya marehemu. Huu hautangazwi kwanza katika Gazeti wala haungoji siku 30, kwa hiyo unaweza kupatikana mapema. Katika ombi lako eleza bayana: miwa imekomaa, inahitaji kukatwa na kupelekwa kiwandani, na malipo yake yaingie katika akaunti gani, eleza pia karo, na uambatishe barua ya shule inayoonyesha kiasi kinachodaiwa. Mahakama ikikubali, fuata maneno ya amri yake kama yalivyo, na uweke risiti zote.

Na kama shemeji ataanza kukata miwa hiyo au kukodisha shamba, kifungu cha 45 kinamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Ni kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na juu ya hayo atatakiwa kuitolea hesabu mali aliyoichukua. Piga ripoti kwa chifu na kwa polisi, kwa maandishi.

Mwisho, ujue utakachopata. Vyombo vya nyumbani na vitu vya matumizi ya marehemu ni vyako moja kwa moja. Shamba na mali iliyobaki utaishika na kuitumia kwa maisha yako, kisha itakwenda kwa watoto wako kwa usawa. Huwezi kuliuza shamba hilo kwa uamuzi wako peke yako. Kwa ardhi, idhini ya mahakama ni ya lazima kila mara. Wajane wengine huliona hili kama kubanwa. Mimi naliona kama ukuta, kwa maana linamzuia pia yule atakayekujia na karatasi na kukushawishi utie sahihi.

SWALI: Baba yetu alifariki 2014, mama akamfuata. Tulizaliwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili, na sisi wasichana tumeolewa. Mwaka huu nimegundua kwamba ndugu zetu walifanya saksesheni bila kutuambia, na shamba limekwisha kugawanywa kwa majina yao manne. Chifu aliandika kwamba marehemu aliacha watoto wanne. Ndugu zangu wanasema msichana hurithi kwa mume. Je, nimechelewa? — Binti wa kwao, Mumias

JIBU: Hujachelewa, dada yangu, lakini usikae. Kifungu cha 38 kinasema kwamba marehemu akiacha watoto bila mke au mume, mali inayobaki baada ya madeni hugawanywa kwa usawa miongoni mwa watoto. Hakisemi watoto wa kiume. Hakisemi walio nyumbani. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba mabinti wapunguziwe kwa kuwa huenda wakaolewa kwingine, na tangu Katiba ya 2010 hoja hiyo haina pa kusimama kabisa: ibara ya 60 inataja wazi kuondolewa kwa ubaguzi wa kijinsia katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Kwa hiyo katika hesabu ya kisheria shamba la baba yenu lilikuwa la watu sita.

Njia yako ni kuomba usimamizi ule ubatilishwe chini ya kifungu cha 76. Mahakama inaweza kuubatilisha wakati wowote, hata baada ya kuthibitishwa, ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu, kwa kuficha jambo la maana, au kwa maelezo ya uongo hata kama aliyeyatoa hakujua kuwa ni ya uongo. Kuwaficha watoto wawili wa marehemu ni kuficha jambo la maana. Nenda katika masjala ya mahakama iliyotoa granti, uombe kulisoma faili na kupata nakala za P&A 5, P&A 38 na barua ya chifu. Soma kila ukurasa. Ukikuta sahihi iliyowekwa kwa jina lako nawe hukuitia, hilo ni jambo zito zaidi, na wakili wako atataka kuliona mapema.

Kisha tafuta ushahidi kwamba wewe ni mtoto wa marehemu: cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo chenye jina la baba, rekodi za shule, kitambulisho chako ikiwa jina lake limo, tangazo la mazishi lililoorodhesha watoto, na watu wazima wawili au watatu wa kijiji watakaoapa. Tangazo la mazishi hasa lisidharauliwe, kwa kuwa ndugu zako wenyewe ndio waliolichapisha, nalo bila shaka linawataja ninyi sita pamoja na waume zenu.

Jambo la haraka kuliko yote ni kuzuia ardhi isiuzwe. Omba koshoni, yaani ilani ya kuzuia ardhi isihamishwe, iwekwe katika rejista ya kila kipande, na katika ombi lako uombe pia amri ya mahakama ya kuzuia uhamisho hadi kesi iamuliwe. Ardhi ikiwa ingali kwa majina ya ndugu zako, mahakama inaweza kuirudisha kwa jina la marehemu ili mgao uanze upya. Ikishauzwa kwa mtu wa tatu ambaye hakujua lolote, kesi huwa ndefu na ya gharama, na pengine utaishia kudai fedha badala ya udongo.

Naomba pia niseme na wasomaji walio upande wa ndugu hawa. Binti akitaka kuwaachia kaka zake sehemu yake, sheria haimkatazi. Atafika mahakamani au ataandika hati ya kiapo kwamba ameachilia kwa hiari. Wapo wengi wanaofanya hivyo kwa moyo mweupe wakiulizwa kwa heshima. Wanachokataa ni kufutwa, na wana haki ya kukataa. Msisahau pia kwamba dada aliyekwisha kufariki akaacha watoto, watoto hao huchukua sehemu ya mama yao.

SWALI: Nilinunua nusu ekari Njoro kutoka kwa kijana ambaye baba yake amefariki. Tuliandikiana kwa wakili, nikalipa zote. Alinionyesha granti yenye muhuri wa mahakama na jina lake. Sasa dada zake wameweka ua na kunizuia kujenga. — Mnunuzi, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, itanibidi nikueleze ukweli usiopendeza. Msimamizi aliye na granti ambayo haijathibitishwa hana uwezo wa kuuza ardhi ya marehemu, na kifungu cha 82 kinasema hivyo waziwazi. Muhuri ulioonyeshwa ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa hatua ya kwanza tu. Karatasi uliyopaswa kudai ni cheti cha uthibitisho, ambacho hutaja kila mrithi na sehemu yake, na hata hicho ungekisoma ukiangalia kama muuzaji amepewa kipande hicho hasa. Sachi ingekuonyesha jina la marehemu, na jina la marehemu katika sachi ni sababu ya kutosha ya kuufunga mkoba wako.

Sasa una njia mbili za kujaribu. Ya kwanza ni kuzungumza na familia nzima, si na huyo kijana pekee, ili ombi la uthibitisho litakapopelekwa, nusu ekari yako itolewe katika sehemu yake na wote waridhie kwa maandishi mbele ya mahakama. Mahakama hukubali mapatano ya namna hiyo mradi hayamdhulumu mrithi mwingine, na dada zake wakiona kwamba sehemu zao hazipungui, pengine ua utaondolewa. Ya pili ni kumdai muuzaji fedha zako pamoja na hasara, kwa kesi ya madai ya kawaida. Kutegemea makubaliano yale yakupe ardhi dhidi ya dada zake ni kujenga juu ya kitu kisichokuwepo, na ninakusihi usimwage hata toroli moja ya mchanga pale kabla ya jambo hili kumalizika.

Mambo yangekuwa tofauti kama marehemu mwenyewe ndiye aliyekuuzia akiwa hai. Hapo ungekuwa na dai dhidi ya mirathi yake, na ungelipeleka katika faili la mirathi kabla ya uthibitisho. Hata hivyo, kwa ardhi ya kilimo bado kungekuwapo swali la idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano.

SWALI: Baba alikuwa na wake wawili. Nyumba ya kwanza ni ya mama yetu, aliye hai, nasi watoto watatu. Nyumba ya pili ina watoto saba na mama yao amefariki. Ardhi ni ekari 22. Wazee wanasema kila nyumba ipate nusu. Mahakama itasemaje? — Mtoto wa nyumba kubwa, Webuye

JIBU: Mgao wa nusu kwa nusu ndio uliozoeleka katika mila za jamii nyingi za magharibi, na wazee wenu wameusema kwa nia ya kutuliza. Sheria inahesabu kwa njia nyingine. Kifungu cha 40 kinagawa mali kati ya nyumba kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huongezwa kama mtu mmoja zaidi. Kwenu, nyumba ya kwanza ni watoto watatu na mama, yaani wanne; nyumba ya pili ni watoto saba. Jumla ni 11, na ekari 22 zikigawanywa hivyo, kila mmoja huhesabiwa ekari mbili. Nyumba ya mama yako inapata ekari nane, na ya pili 14. Ndani ya nyumba yenu, mama ataishika sehemu hiyo kwa maisha yake, kisha itawaendea ninyi watatu. Nyumba ya pili watagawana kwa usawa mara moja.

Natambua kwamba jibu hili litawauma. Kama mama yako alichangia kununua sehemu ya ardhi hiyo kabla ya mke wa pili kuolewa, alete ushahidi wake mahakamani mapema: risiti, barua za mkopo, mashahidi. Na kama baba aliwahi kumpa mtoto yeyote kipande akiwa hai, kifungu cha 42 kinataka kipande hicho kihesabiwe katika sehemu ya mtoto huyo. Mkikubaliana wote kwa hiari kugawa kwa namna nyingine, pamoja na wale saba, mahakama itayasikiliza mapatano yenu. Lakini wazee hawawezi kukubaliana kwa niaba ya mtu mzima ambaye hakuulizwa.

SWALI: Mke wangu alikuwa mwalimu. Katika SACCO aliandika jina la dada yake kama mpokeaji, kabla hatujaoana, na hakubadilisha. Je, fedha hizo ni za mirathi? — Mume aliyefiwa, Kisumu

JIBU: Pole, bwana. Kwa kawaida fedha zilizoandikiwa mpokeaji katika SACCO, kama ilivyo kwa bima yenye jina la mnufaika, hulipwa kwa aliyetajwa na haziingii katika mirathi, kwa hiyo P&A 5 yako haitaziweka pamoja na mali nyingine. Zungumza na shemeji yako kuhusu karo za watoto. Si lazima kila jambo lianze na barua ya wakili. Malipo ya uzeeni yana taratibu zake, na wadhamini wa mfuko wanaweza kuwaangalia wategemezi, kwa hiyo waandikie kando. Nawasihi wasomaji walio hai na wenye afya wapite katika SACCO zao mwezi huu wakaangalie jina lililoandikwa ni la nani.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Je, tunalazimika kufuata Sura ya 160? — Msomaji, Mumias

JIBU: Hapana. Mali ya Mwislamu aliyefariki hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Katiba, katika ibara ya 170, inaipa mahakama ya Kadhi uwezo wa kusikiliza mambo ya mirathi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mmoja wenu akikataa, Mahakama Kuu inaweza kulisikiliza shauri, na itafuata sheria ile ile ya Kiislamu katika mgao.

SWALI: Shamba letu la ekari moja na robo lingali kwa jina la babu, aliyefariki 1974. Wanawe watatu wote wamefariki. Wajukuu tuko kumi na wanne. Binamu yetu mkubwa, anayeishi hapo, hataki kesi ifunguliwe, na tumesikia kuna kodi kubwa ya urithi. — Mjukuu, Vihiga

JIBU: Hilo la kodi lisiwazuie. Kenya iliifuta kodi ya urithi mwaka 1982. Mtakacholipa ni ada za mahakama, za usajili, za mpima ardhi, na za wakili mkimtumia.

Babu yenu alifariki kabla ya Sura ya 160 kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kwa mirathi ya namna hiyo, nani anarithi huangaliwa kwa sheria na mila zilizokuwapo alipofariki, lakini namna ya kuendesha kesi hufuata sheria ya sasa kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo bado mtajaza fomu zile zile na kungoja siku zile zile. Kwa kuwa wanawe watatu walikuwa hai alipofariki, mahakama inaweza kutaka kila tawi liwe na mtu aliyepewa usimamizi wa mirathi ya baba yao. Chagueni mmoja kutoka kila nyumba ya hao watatu, na hao waombe pamoja.

Binamu hawezi kuzuia kesi kwa kukaa kimya. Mahakama inaweza kumpelekea wito rasmi unaomtaka aombe usimamizi mwenyewe au aukatae. Asipojibu, ninyi mtaendelea. Mtajeni katika ombi lenu kama mrithi, na mwelezeni mapema kwamba nyumba yake haibomolewi kwa sababu kesi imefunguliwa, maana huenda hiyo ndiyo hofu yake hasa.

Fikirini pia kwa makini kuhusu mgao. Ekari moja na robo ikikatwa mara kumi na nne itawapa vipande ambavyo havitoshi nyumba na choo. Kuandikisha ardhi kwa jina la warithi kwa fomu za LRA 39 na LRA 42 hakuhitaji idhini ya bodi ya ardhi, lakini kuikata katika hati mbili au zaidi kunahitaji, na bodi inaweza kukataa vipande vidogo mno. Mnaweza kuiomba mahakama iwaandikishe kwa pamoja, kila mmoja na fungu lake likitajwa, au igawe katika nyumba tatu tu. Mimi ningewashauri hili la mwisho.

Kazi ya kwanza ni cheti cha kifo cha babu, ambacho nadhani hamna. Msajili anaweza kusajili kifo kilichochelewa akipata ushahidi, kwa hiyo nendeni kwa naibu chifu na wazee wawili waliohudhuria mazishi yale ya 1974 wakiwa bado na kumbukumbu, wapewe barua, kisha mchukue fomu katika ofisi ya usajili ya kaunti au Huduma Centre iliyo karibu nanyi.